Kamba za Ndururu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa juu ya gunia la chumvi nyuma ya duka, hapa Kisumu, nikawekewa bonge la uzi wa mkonge na debe la senti. Tajiri, Mhindi mfupi aliyesema polepole, aliniambia nitunge ndururu, ishirini kwa kila kamba, nifunge fundo, nianze nyingine. Jioni vidole vilikuwa vyeusi, vinanuka shaba. Nilisugua kwa majivu, harufu haikutoka. Basi, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na mkiniuliza kama niliipenda, nitawaambia nilichoka tu.

Nyinyi vijana mnaliona tundu katikati ya senti mnadhani ni urembo. Sisi tulipitisha uzi. Ndururu ni senti tano. Ishirini zikitungwa ni shilingi, na mtu aliweza kuivaa shingoni akaenda nayo sokoni. Taabu ilikuwa kwa aliyetaka shilingi yenyewe. Karani wa kodi hakupokea ndururu, alitaka fedha nyeupe au noti. Ukienda kubadilisha, duka linakula senti kumi kwa kila shilingi. Maduka yote yalikula, na letu pia. Anayeshika senti ni maskini, na ndiye aliyeliwa. Jambo hilo lilinikera tangu mwanzo, lakini nani aliniuliza?

Baadaye nilipelekwa Kombewa, kwenye kituo cha kununua pamba. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi wa Mizani, mdogo wake Tajiri, mtu mwenye maumivu ya tumbo na hasira za kila saa. Mkulima analeta kikapu, Msimamizi anapima na kutaja bei, mimi nafungua kamba na kumhesabia. Pamba ya watu wetu ilikuja kidogo kidogo, kwa hiyo bila senti kituo kilisimama. Zikiisha, mkokoteni wa ng'ombe ulikwenda Kisumu kuleta nyingine, na mwenye mkokoteni hakubeba bure.

Kando ya foleni alikaa mjane mmoja akiuza uji, Mama Odongo. Senti tulizolipa asubuhi, mchana zilikuwa kwake.

Msimu mmoja askari wa chifu walipita wakidai kodi ya nyumba, shilingi kumi na mbili, na wajane hawakuachwa. Asiye nazo alichukuliwa ng'ombe. Mama Odongo alikuwa na ng'ombe mmoja tu, ndiye aliyempa mtoto wake maziwa. Pesa alikuwa nazo, kumi na mbili kamili, zote ndururu ndani ya chungu. Akizipeleka dukani zingeliwa, na zikiliwa hazitoshi. Alinieleza hayo huku akikoroga uji. Siku hiyo hiyo senti zetu zilikuwa zimetuishia, na wakulima wameanza kubeba vikapu vyao waende kwa mnunuzi mwingine.

Nilimwendea Msimamizi, nikamwambia tuchukue senti za mama yule tumpe shilingi.

"Sawa," akasema. "Lakini kata kama wengine wanavyokata."

"Bwana, mkokoteni unaulipa. Huyu amekuletea mpaka mlangoni."

"Basi kata ndururu moja tu kwa kila shilingi."

"Ukikata hata moja, kodi yake haitoshi. Atarudi nazo nyumbani, na hawa wataondoka na pamba."

Alitazama foleni, akatema mate pembeni. "Haya, hesabu."

Mama Odongo akanisukumia chungu, akasema nihesabu mwenyewe, yeye ana uji motoni. Nilikataa. Nilimwambia azihesabu kwa mkono wake mbele yangu, asimwachie mtu pesa yake kwa sababu tu anamfahamu. Alininunia kwelikweli. Alihesabu mpaka mwisho, na uji ukaungua chini. Lakini aliondoka na shilingi kumi na mbili nzima, na ng'ombe akabaki zizini.

Tangu hapo kituo chetu kilipokea senti za wauza uji na wauza samaki bila kukata. Msisifu huruma ya Msimamizi. Aliona tu mkokoteni umepumzika na pesa yake imebaki.

Kombewa ilipofungwa nilirudishwa Kisumu, kwenye gunia lile lile au ndugu yake. Nilitunga mpaka macho yakaingia ukungu. Tajiri akaajiri mikono mingine, mimi nikabaki kufagia na kufungua milango. Siku ya kuniaga alinipa bakshishi, kifuko kizito cha kamba za ndururu. "Asante kwa kazi, mzee," akasema. Nilipokea kwa mikono miwili.

Nilitaka kununua mbuzi, na mwenye mbuzi alitaka shilingi. Nikarudi dukani. Kijana wa Tajiri aliyekaa mbele aliniambia bila haya kwamba watakula senti kumi kwa kila kamba, kama kawaida. Mimi! Nilibeba kifuko changu nikatoka.

Nilimkumbuka Mama Odongo. Siku hizo alikuwa amehamia Kisumu, ana banda la uji karibu na gati, na wapagazi wa melini walimlipa kwa shilingi nzima nzima, akahangaika kutafuta senti za kuwarudishia. Nilimwekea kifuko mbele. Akafungua kamba ya kwanza, akaanza kuhesabu.

"Mama, mimi pia unanihesabia?"

"Uliniunguzia uji siku ile. Kaa."

Nikakaa. Alihesabu ya kwanza, akairudia. Akahesabu ya pili, ya tatu, kisha akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Hizi ulizihesabu?"

Sikuwa nimezihesabu. Nilizipokea kwa Tajiri.

"Kila kamba ina kumi na tisa," akasema.

Nilizishika mwenyewe, nikazipitisha vidoleni moja moja. Zilikuwa kumi na tisa. Sijui duka lilikuwa limeanza lini kutunga hivyo, nami nikiwa humo humo na ufagio wangu.

Mama Odongo alinipa shilingi kwa kadiri ya senti zilizokuwepo, hakula hata moja. Mbuzi nilimpata, ila si yule niliyemtaka. Kabla sijaondoka niliomba kikombe cha uji. Alinitoza ndururu moja kama mtu yeyote, nikalipa.