Dada Felista Aliponiambia Nilale

Usiku ule nililala na hasira, hata chai sikunywa. Jioni yake mama mwenye chekechea alikuwa amenipigia simu kunijulisha kwamba mwalimu mwenzangu Rehema amerudisha ufunguo wa ukumbi, kwamba anahamia Mbeya akakae kwenye duka la kaka yake, na basi lake ni saa tatu asubuhi. Mimi hata kuagwa sikuagwa. Nikasema aende zake, kwani nimemfunga kamba? Nikaongea peke yangu mle chumbani kama mwendawazimu, halafu nikalia mpaka usingizi ukanipitia.

Niwaeleze kidogo, maana ndoto yenyewe bila haya haieleweki. Tulikuwa watatu, walimu wa yoga, hapa hapa Morogoro, na watu wa mtaani wanatuita walimu wa kujikunja. Ukumbi wetu ni darasa la chekechea. Kabla ya kutandika mikeka unahamisha kwanza viti vidogo vya plastiki, na ukutani juu ya kichwa chako kuna picha ya bata na herufi B. Aliyetuanzisha ni dada Felista, mwalimu wa michezo mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu aliyekuwa akijikunja kuliko mimi na Rehema tukiunganishwa. Sheria zake zilikuwa chache. Mwenzako akiumwa unamshikia darasa, huulizi maswali.

Nyingine ilihusu mwisho wa kipindi. Wanafunzi wanalala chali, macho wamefumba, dakika kumi hivi. Jina lake halisi ni mlalo wa maiti, lakini mama mmoja wa sokoni alilisikia, akakunja mkeka wake palepale, akasema yeye hakuja kujizoesha kufa. Tukacheka hadi machozi, na tangu siku hiyo tukaita mapumziko. Wakati wa mapumziko mwalimu halali, anakaa macho akiwaangalia watu wake. Na mtu akipitiwa na usingizi, haamshwi. Dada alikuwa akisema wanawake wa mji huu hawalali vya kutosha, akipata usingizi kwako mwachie.

Basi miezi minne iliyopita, Jumamosi, dada alifundisha darasa lake la saa kumi na mbili, kisha akabaki akaingia darasa la Rehema kama mwanafunzi, apumzike kidogo. Mapumziko yakaisha, wenzake wakaamka, yeye hakuamka. Rehema akamfunika kanga. Akafunga madirisha taratibu, akatoka akakaa kwenye ngazi za mlangoni, mtu asije akapita akapiga kelele. Alikaa pale nusu saa akimlindia mwenzake usingizi. Alipoingia kumwamsha, dada hakuwepo tena. Daktari alisema ni moyo.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, msibani, mbele ya wanawake waliokuwa wakiosha masufuria, nilimwambia Rehema: "Wewe unafundisha watu kupumua, ukashindwa kumwangalia mwenzio kama anapumua?" Aliendelea kusugua sufuria. Toka siku ile hakufundisha tena, na mimi sikumwomba msamaha. Nilijua kabisa kwamba nimemvunja, na bado sikwenda.

Sasa ndoto.

Niliona nimefika darasani asubuhi, jua limeshaingia, viti vimeshahamishwa. Nikashangaa nani kavihamisha. Mikeka ilikuwa imetandikwa mitatu tu. Nikasimama mbele kama kawaida yangu, nikaanza kusema vuta pumzi, na hakuna mtu. Nikageuka, dada Felista yupo mlangoni, amevaa ile suruali yake ya kijani iliyopauka magotini, anavua ndala. Sikuogopa hata kidogo. Nilimwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia marahaba, kama jana tu tulikuwa pamoja.

"Lala," ananiambia.

"Siwezi dada. Mimi ndiye ninayefundisha."

"Nani kakutuma?"

Nikalala. Sakafu ilikuwa baridi, halafu haikuwa sakafu tena, ilikuwa majani ya kwenye uwanja wa mpira wa shule aliyokuwa akifundisha zamani, na nilisikia unyevu wake mgongoni. Dada anatembea kati ya mikeka kwa mwendo wake ule wa kukanyagia kingo za nje za nyayo. Ananinyoosha shingo. Ananishusha mabega, na mimi nasikia uzito unanitoka, nikagundua kwamba tangu afe hakuna mtu aliyenigusa mabega. Miezi minne nafundisha madarasa ya walimu watatu peke yangu, nawanyoosha wengine kutwa, na jioni nashindwa kuinua sufuria ya ugali. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Nikageuza uso. Kwenye mkeka wa pili amelala Rehema, chali, mikono wazi, lakini macho ameyakodoa juu.

"Mwangalie huyu vizuri," dada anasema. "Analala?"

"Halali."

"Toka lini?"

Nilijua toka lini. Machozi yakaanza kunitiririka kuelekea masikioni, kama yanavyofanya mtu akilia amelala chali.

Mara tukawa jikoni kwa dada. Sijui tulifikaje. Chai inachemka, tangawizi imenukia nyumba nzima, na mkoba wangu uko juu ya meza, na simu inaita ndani ya mkoba. Naitazama tu. Inaita, inanyamaza, inaita tena.

"Pokea, Mwanaidi."

Hapa ndipo lazima niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia binadamu yeyote. Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla hakujapambazuka vizuri, dada alinipigia mimi. Alisema kifua kimembana, hajisikii sawasawa, nimshikie darasa lake la saa kumi na mbili. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa msusi. Msusi mwenyewe ana wateja wengi, ukikosa nafasi yako umekosa, na mchana ule nilikuwa na mwaliko wa harusi. Nikamwambia dada siwezi, nina dharura. Dharura! Akasema haya mwanangu, usijali, nitajikongoja. Akaenda akafundisha saa nzima na kifua chake kile.

Katika ndoto nikapokea simu. Ikawa ni sauti yangu mwenyewe ndani yake, inasema siwezi dada, nina dharura. Inarudia. Nikaiweka mezani, na bado inasema. Nikamtazama dada, nikisubiri anitukane, nikitamani kwa kweli anitukane, maana matusi ningeyaweza.

Akainuka, akapunguza moto wa chai. Akanishika kichwani, akapitisha vidole kwenye mistari ya nywele.

"Zilikupendeza," akasema.

Nililia kilio ambacho msibani sikulia. Yeye ananiacha nilie, ananimiminia chai, anaongeza sukari bila kuniuliza. Jikoni pale pamegeuka tena darasa, yule bata ukutani yupo, na Rehema bado amelala na macho yake wazi. Dada anavaa ndala zake. Nikamwambia dada usiondoke, kipindi hakijaisha. Hakugeuka, ila nilimsikia vizuri sana.

"Nilichoka, nikafunikwa, nikalala. Mwambie hivyo. Na lako mwambie pia, asibebe peke yake."

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika chache, mto umelowa, jogoo wa jirani anapiga makelele. Sikupiga mswaki, sikuvaa hata kandambili. Nilikaa kitandani nikampigia Rehema, nikiomba asipokee na nikiomba apokee.

Alipokea. "Mwanaidi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nisikilize, usikate. Nimemwota dada. Kasema alichoka, akafunikwa, akalala. Kasema nikwambie hivyo."

Nikasikia utepe wa gundi ukichanwa, nikajua alikuwa anafunga maboksi, kisha akaacha.

"Na kuna lingine," nikasema. "Siku ile alinipigia mimi kwanza. Kifua kilikuwa kinambana, akaniomba nimshikie darasa. Nikamwambia nina dharura. Sikuwa na dharura yoyote, Rehema. Nilikuwa naenda kusuka. Ningekwenda mimi, yeye angekwenda hospitali. Halafu nikaja nikakuzodoa wewe mbele za watu."

Nilingoja anitukane. Nilisikia anavuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, kama tulivyofundishwa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Habari ya kusuka. Dada aliniambia asubuhi ile ile, alipoingia darasani kwangu. Alikuwa anacheka. Alisema Mwanaidi ana dharura ya nywele, mwache apendeze. Kifua hakunitajia."

Miezi minne alikuwa nalo moyoni. Alikuwa nalo pale kwenye masufuria, ninamkaripia na nywele zangu mpya kichwani, wanawake wote wameacha kuosha wanamtazama yeye.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Mbele ya wale watu wote, Rehema, mbona hukunisema?"

"Dada alikuwa ameshakufa, mimi umeshanifukuza," akasema. "Ningesema, hata wale wangekukimbia, ungebaki na nani?"