Haragi Lililovuka Mpaka

Nilitia haragi ndani ya sikio langu la kushoto kwa hiari yangu mwenyewe, mbele ya wenzangu, nikiwa na akili zangu zote, ambazo si nyingi. Mwalimu wa biolojia alikuwa amechora sikio ubaoni, akasema kuna mrija mwembamba unaotoka sikio la kati mpaka kooni. Huo mrija niliushika vizuri. Ngoma ya sikio, inayofunga njia kabla ya kuufikia, ilinipita, maana dakika hizo nilikuwa namchora mwalimu.

Saa ya mapumziko nikatangaza kwamba naingiza haragi sikioni na kulitoa mdomoni. La pili nilikuwa nimelificha chini ya ulimi. Nikaingiza, nikakohoa, nikatema. Makofi! Kabera, tunayekaa naye dawati moja, akadai nirudie. Ndipo nikagundua kwamba lile la kwanza halitoki.

Nyumbani nikajimwagia maji sikioni ili haragi lielee. Aliyewahi kuloweka maharagi anajua kilichofuata. Siku ya tatu sikio lilikuwa linawaka moto, na upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umezimwa. Nikakiri kwa mama.

“Mana yanjye, Mungu wangu! Mutoto ya secondaire, na haragi mu sikio!” Mama alikaa chini kabisa. “Bon. Kesho tunaenda Goma, kwa Papa Furaha.”

Papa Furaha ni muuguzi, jirani yetu wa zamani kule Birere, mtaa wa Goma nilikozaliwa, kabla familia haijarudi Rwanda. Yeye ndiye aliyenidunga sindano zote za utoto. Mama hamwamini mwingine.

Asubuhi tuliondoka kwetu Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa miguu. Mama alijitwika kikapu cha vitunguu, kwa sababu kwake kuvuka mpaka mikono mitupu ni dhambi. Alitembea kushoto kwangu, na njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza. Sikusikia neno. Nilijua tu ananitukana, na matusi ya mama yangu ni matamu, sikupenda yapotee. Nikageuza shingo nidake hata mawili. Akajifanya anaweka sawa kikapu kichwani.

Baada ya barriere, kizuizi cha mpakani, Goma ikatupokea kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imejaa magunia ya makaa. Mwenye nayo alipiga kelele. Sikujua kelele zinatoka wapi, nikarukia upande ule ule anaokuja. Mama alinivuta kwa kola.

“We kijana! Uko kiziwi?”

“Nusu tu, papa!”

Mwenye chukudu alicheka. Mama hakucheka; alinishika mkono, hakuuachia tena.

Birere, uchochoro wetu. Mawe meusi ya volkeno ni yale yale, ukutani nilikochora mbuzi kwa makaa, pembe zake bado zipo. Zamani nilikuwa nalala mchana mlangoni na kuujua mtaa mzima macho yakiwa yamefumbwa: kushoto cherehani ya Mama Zawadi, kulia watoto wa madrasa wakisoma kwa pamoja, juu ndege ikishuka mpaka sufuria zinatetemeka. Siku hiyo sauti zote zilikuwapo, ila zimerundikwa kulia, kama vyombo vya mtu anayehama. Nikaanza kuogopa kweli. Je, kama nitausikia mtaa hivi maisha yangu yote?

Papa Furaha aliniwashia tochi sikioni. “Njo huyu mwenye alikuwa anakimbia sindano? Haragi imevimba. Nani alimwanga maji?”

Mama aliniangalia. Nikaangalia dari.

“Sikiliza. Nyuma ya haragi kuko ngoma, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nikisukuma, inapasuka. Ukitikisika, inapasuka. Najua we unapenda kucheka. Leo usicheke.”

Akadondosha mafuta, akachukua kijichuma chenye ncha iliyopinda. Mama alinishika kidevu kwa mikono miwili. Chuma kikakwaruza, kikateleza, kikarudi. Sikupumua. Kisha kitu kikachomoka, na Papa Furaha akakiweka kwenye kiganja changu: haragi nono, limepasuka ganda, limeanza kuchipua mkia mweupe.

“Pongezi,” akasema. “Umelima.”

Aliangalia tena kwa tochi, akasema ngoma ni nzima. Akaniosha sikio kwa maji ya bomba la sindano, lakini maji yalikuwa yamepoa, na chumba kikaanza kuzunguka. Nilishika meza nisianguke.

“Ndani kabisa kuko vipete vitatu vya maji, vinaambia kichwa juu ni wapi. Baridi imevidanganya. Itapita.”

Ilipita. Na cherehani ya Mama Zawadi ikaja, kutoka kushoto, mahali pake.

“Sasa unasikia namna gani? Sauti inapiga ngoma. Ngoma inasukuma kamufupa kanaitwa nyundo, nyundo inagonga fuawe, fuawe inasukuma kikuku, kikuku inabisha hodi kwa konokono yenye maji. Kutoka pale mushipa inapeleka habari ku bongo.” Akanitazama. “Kama bongo iko.”

Kabla ya kuondoka niliomba nikae kidogo mlangoni kwetu kwa zamani. Nilifumba macho. Ndege ilishuka. Sufuria za wapangaji wapya zikatetemeka kama zetu.

Alasiri tulirudi, vitunguu vimeuzwa, vimegeuka unga. Nimejifunza sikio lote, bila kulichora: ngoma kwanza, mrija baadaye. Nimejifunza pia kwamba masikio mawili ndiyo yanayokuambia ulipo.

Karibu na barriere mama alikuwa tena kushoto kwangu. Nikamuuliza, “Mama, asubuhi upande huu ulikuwa unanitukana nini?”

Akashusha kikapu kichwani. Kisha akasema:

“Nilikuwa naambia Mungu akamate sikio yangu moja, akuachie yako. Sasa unasikia, donc beba kikapu.”