Kuvu Kwenye Msondo wa Bi Mwanahawa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipotoka kwa rafiki yangu kule Jane na Finch, mtaa wa huku ughaibuni, nikiwa na begi mgongoni na sina ninakokwenda. Shule niliiacha mapema, kazi za usafi nilizishika na kuziacha, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja tu: kutaka kujua basi hili linaishia wapi. Mwenda bure si mkaa bure. Nikapanda basi la kuelekea mashariki, nikakaa dirishani, nikaliacha linipeleke.

Kufika Scarborough, basi likasimama mbele ya jengo refu, na kupitia dirishani nikasikia Kiswahili cha Tanga kabisa: "Shika vizuri, Rehema! Hujabeba gunia la mkaa!"

Nikashuka. Bibi mfupi na msichana mrefu walikuwa wanahangaika kutoa ngoma kwenye mlango wa stoo ya chini ya jengo. Nilisimama nikitabasamu kama mjinga.

"Unacheka nini?" bibi akaniuliza. "Kanga hiyo ya kichwani imeshakusema. Njoo ushike huku."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Shikamoo haibebi ngoma. Inua!"

Ndivyo nilivyojuana na Bi Mwanahawa na mjukuu wake. Ngoma yenyewe ilikuwa msondo, ile ngoma ndefu ya kina mama, aliyokuja nayo kutoka kwao. Bomba lilikuwa limevuja stooni wakati wa baridi, na mti wote ulikuwa umeota kuvu, mweupe na wa kijani, kama mkate uliosahauliwa. Na Jumamosi ile Rehema alikuwa anaolewa. Katika ukoo wao, mwari hatoki chumbani mpaka msondo ulie.

Rehema alielewa kila neno la bibi yake, lakini alijibu kwa Kiingereza, kwamba spika yake inashinda ngoma yoyote.

"Spika!" Bi Mwanahawa akasema. "Mama yako alitolewa kwa kaseti, na kaseti ikakwama katikati. Wewe hutatoka kwa mashine."

Mimi nilitaka kuonekana wa maana. Bibi alipokwenda kutafuta matambara, nikachukua ndoo, nikamimina siki, kisha nikanyoosha mkono kuchukua ile dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe. Nilikuwa nafungua kifuniko wakati kandambili iliponitua begani.

"Weka chini! Unataka kutuzika kabla ya harusi? Siki na hiyo dawa zikikutana hutoa hewa ya kuchoma mapafu."

"Nilidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja, Bibi."

"Na wake wawili wana amani kuliko mmoja?"

Rehema alicheka hadi akakaa chini. Mimi pia. Lakini neno lilikuwa limeingia, na baada ya kicheko Bibi alinieleza polepole. Dawa ile, hata ikiwa peke yake, hung'arisha mti juu tu, maji yake yakazama ndani, na kuvu hupenda maji kuliko samaki.

Tukaubeba msondo hadi kwenye majani nyuma ya jengo, mbali na madirisha ya watu. Hakuturuhusu kuusugua ndani, maana vumbi la kuvu likipeperuka chumbani unalihamishia kwenye mapazia na vifua. Tukavaa barakoa, glavu na miwani, tukasimama upepo ukiwa mgongoni. Brashi laini, kufuata mistari ya mti, bila papara. Kisha kitambaa kilicholowa siki na maji kidogo, kikakamuliwa mpaka kisidondoshe hata tone, na nyuma yake papo hapo kitambaa kikavu. Ngozi hatukuigusa kwa siki. Tuliipangusa kwa kitambaa kikavu tu. Matambara tukayafunga kwenye mfuko na kuyatupa.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunangoja."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, mwanangu! Msondo ulikaa sebuleni, kivulini, feni ikipuliza kwa mbali, nami, kwa amri ya Bibi, nikilala kwenye kochi pembeni yake. Ijumaa Bibi aliupiga kofi. Ulisema "bu", kama mtu aliyeshiba ubwabwa. Sote tukatazamana. Ndipo Rehema, mwenye spika yake, akaja na machozi machoni, akasema kwa Kiswahili: "Bibi, tuioteshe moto. Tuiweke juu ya jiko."

Bi Mwanahawa alimkumbatia kwanza. Kwetu ngoma iliyolegea huoteshwa moto wa makuti, nani asiyejua? Hata mimi nilikuwa nimeshalitazama jiko.

"Moto ni wa ngoma kavu, mjukuu wangu. Hii mti wake bado una maji ndani. Ukiuharakisha, ngozi itavuta, mti utapasuka, na king'ora cha moshi kitaleta wazima moto harusini. Sina ubwabwa wa kuwatosha."

Jumamosi asubuhi aliinama, akanusa ndani ya msondo. Harufu ya stoo ilikuwa imekwisha. Akapiga. Sauti ikatoka nene, safi, ikaingia kwenye nyayo zetu. Milango ya majirani kwenye korido ikafunguka mmoja mmoja. Jirani wa Kitamil akatoka na mwiko mkononi akipiga makofi, na mama yake Rehema akapiga vigelegele huku analia. Rehema akatoka. Nimeona harusi nyingi, lakini sijamwona tena bibi akicheza vile mbele ya lifti.

Jioni, bibi harusi alipokwisha kwenda kwa mumewe, Bi Mwanahawa alinipa ufunguo. "Chumba cha Rehema kiko wazi, nami sipendi chumba kinachonyamaza. Utakaa?"

"Mpaka lini, Bibi?"

"Mpaka uchoke kuuliza."

Nikaingiza begi langu.

Basi, mwanangu, ukikuta ngoma yako imeota kuvu usiitupe, wala usiikimbilie kwa madawa. Itoe nje, funika pua na mdomo, isugue kikavu, ipanguse kwa unyevu mdogo, usichanganye dawa kamwe, kisha iache ikauke kwa wakati wake na uiweke mahali penye hewa. Kuvu ukiwa umezama hadi ndani ya mti, au kifua chako kikiwa dhaifu, mpe mwenye ujuzi aishughulikie. Na ukiitwa na mtu usiyemjua ushike upande mmoja wa mzigo, shika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami mgeni nilipona pia.

Mungu akupe mapafu mazima, mikono isiyo na papara, na nyumba ambayo watu wake hufungua milango wanaposikia ngoma. Amina.