Mzee wa Kijapani ameniokolea likizo

Jumanne, miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Tandika.

Jamani, leo ilibaki kidogo nikose likizo!

Laoban, yaani bosi wetu hapa Guangzhou, alishasema: robota moja likilowa, hakuna kwenda nyumbani.

Marobota ya nguo yako nje yanasubiri lori. Jua kali. Turubai la kuyafunika tumelitandika chini, tumelilalia. Uchovu huo!

Kuna mteja wetu, mzee wa Kijapani, hunifundisha maneno ya kwao. Mtu akishuka garini ni oriru. Mvua ikishuka ni furu. Matone ya kwanza ni potsupotsu, ikimwagika ni zaazaa.

Mara namwona, amesimama kando ya mzigo wake, ameinua kiganja. “Potsupotsu!”

Nikaruka. “Amkeni, mvua!”

Sefu wa Tanga, mpakiaji mwenzangu, hata hakufumbua macho. “Lala wewe, Mjapani wa Tandika!”

Nikavuta turubai, akabiringika puu!

Tulipofunga kamba ya mwisho, mvua ikamwagika. Zaazaa kweli.

Laoban akaja mbio, akapapasa robota moja moja. Makavu. Sisi ndio chapachapa.

“Likizo yako ipo,” akasema.

Mliokuwa mnacheka Kijapani changu, chekeni sasa.

Mke wangu, Mama Zuhura, nakuja Desemba.