Vyoo Kumi na Viwili vya Mgeni Rasmi

Mimi ndiye niliyefunga vyoo. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, tena kwa ustadi. Mume wangu nilimwambia amri ilitoka kwa mkuu wangu wa kazi. Wenzangu wa ofisini niliwaambia ni kosa la mlinzi. Na kwenye semina za uongozi, ambako siku hizi naalikwa kusimama mbele ya watu wazima na kuandika "Sifa za Kiongozi Bora" kwa kalamu nene, sijawahi kuvitaja kabisa. Nachora duara, natia mishale, watu wananakili. Kisha nakusanya kalamu zangu, naondoka.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, vita vya ng'ambo ya ziwa vilipowasukuma watu Kigoma kwa mitumbwi na maboti ya mbao. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, shahada ya sosholojia na buti mpya. Kwa sifa hizo tatu shirika likanikabidhi kituo cha mapokezi ufukweni, kusini ya Ujiji, walikopumzishwa watu kabla ya kupelekwa makambini. Kulikuwa na watu mia kadhaa na vyoo kumi na viwili vya mabati, vipya.

Mlinzi alikuwa mzee wa mtaa wa Buzebazeba aliyeivaa sare ya shirika kwa heshima kuliko sisi wote. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha nikaanza kumtuma.

Tukaambiwa kiongozi mkubwa anakuja kutoka Dar es Salaam. Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote ya nchi hii anajua kinachofuata: mawe ya njiani yalipakwa chokaa, na watu waliochoka walihamishwa wasionekane wamechoka. Na kila ofisi ina choo kimoja kisafi ambacho ufunguo wake hukaa kwenye droo ya bosi, kikimsubiri mgeni. Shuleni kwetu kilikuwepo, wilayani kilikuwepo. Mkuu wangu alisema tu, "Sitaki aibu vyooni." Mimi, msomi, nikaona nifanye kwa ufanisi zaidi. Nikaagiza vyoo vyote kumi na viwili visafishwe, vikafungwa kwa kufuli.

"Mtu akibanwa je, mwanangu?" mlinzi akaniuliza nilipompa funguo.

"Avumilie. Wageni wanafika saa nne."

"Tumbo halijui saa."

"Mzee, tafadhali."

Wageni, kama ilivyo desturi yao, hawakuja siku hiyo. Wangekuja kesho. Ningeweza kufungua, lakini kuosha upya kungekula maji na muda, na nilikuwa na ratiba. Mama mmoja kutoka Kongo alinisimamisha mbele ya wenzake.

"Mama mukubwa, munafunga vyoo juu ya nini? Tumbo ya wageni iko tofauti na yetu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko cha kiofisa kisichofika machoni, nikaenda kukagua chokaa.

Kufikia mchana watu walikuwa wakiteremka ufukweni, mmoja mmoja, wakijisitiri kwa khanga na vipande vya turubai. Walijisaidia mchangani, hatua chache kutoka pale ndoo zilipojazwa maji ya kunywa. Upande wa pili wanawake wa jirani walikuwa wameanika dagaa. Nzi walikuwa hawabagui. Walitoka huku wakaenda kule. Niliona yote hayo. Nasisitiza kwamba niliona, maana nimewahi pia kusema sikuona.

Asubuhi ya pili nikakuta mlango mmoja wazi. Mlinzi alikuwa amepiga magoti ndani, anasugua sakafu kwa majivu.

"Nani amekuruhusu?"

"Kuna bibi alibebwa mgongoni na mjukuu wake. Alikuwa anajiharibia, mwanangu. Nimemfungulia, na sasa nasafisha."

"Mimi ndiye ninayewajibika hapa!" nikamfokea, watu wakisikia. Mzee wa umri wa baba yangu, magotini, majivu hadi kwenye viwiko.

Wageni walifika saa nane. Mlinzi alitoa kufuli, nami nikafungua milango kumi na miwili mmoja baada ya mwingine kama muuza makabati. Mkubwa aliinama, akanusa. "Safi sana. Huyu dada ni kiongozi." Na kama uongozi ni kupata ulichokitaka, hakukosea: nilitaka vyoo visivyo na nzi, nikavipata. Nzi walikuwa mahali pengine.

Kisha akataka kuona wakimbizi wanaposhukia. Hatua ya tano mchangani kiatu chake cheusi kilizama. Akainua mguu, akautazama, akawatazama dagaa, akaziona zile ndoo za maji. Hakuna aliyecheka. Yule mama wa Kongo ndiye aliyemweleza kwamba vyoo vilikuwa vimefungwa.

"Nani alifunga?" mkubwa akauliza.

Mkuu wangu akanitazama. Mimi nikamtazama mlinzi. Mlinzi akatoa funguo mfukoni, akasema, "Ninazo mimi," kisha akanigeukia, akisubiri niongeze sentensi iliyobaki. Nikaangalia buti zangu.

Mlinzi alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Siku tatu baadaye alikuja ofisini mjini kwa miguu, akaketi kwenye benchi la barazani, amevaa sare iliyopigwa pasi.

"Umeshawaeleza?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Leo nawaeleza."

"Mtaani wananiita Mzee Kufuli. Kazi nikiikosa, nitalima. Lakini wajukuu wangu wanalisikia jina hilo."

Nilimwahidi kwa moyo mweupe. Hilo ndilo linalonikinaisha kuliko uongo wenyewe: kwamba nilipoahidi nilikuwa namaanisha. Nilishapanga hadi maneno. Nilijiona tayari nikikiri, nikajipenda.

Simu ikalia ndani, nikaingia kuipokea. Ilikuwa makao makuu, bwana mwenye sauti ya upole niliyekuwa sijawahi kumwona. Kupitia dirisha niliona kisogo cha mlinzi. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

"Wewe ndiye ulikuwa unasimamia pale," sauti ikasema. "Nina barua ya kumwachisha kazi mlinzi hapa mezani, sijaitia saini. Niambie jambo moja tu. Alifunga kwa akili yake, au alitumwa?"

Laini haikukwaruza hata kidogo. Siku zote simu za Kigoma zilikwaruza. Siku hiyo ilikuwa safi kama maji ya kisimani. Sikuwa na cha kusingizia.

"Kwa akili yake," nikasema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, mzee."

Nikasikia kalamu ikipita kwenye karatasi.

"Vizuri. Napenda ofisa asiyesitasita, tutakukumbuka. Sasa, usimtume karani. Mweleze wewe mwenyewe, uso kwa uso. Kiongozi hakwepi habari mbaya."

"Sawa, mzee," nikasema. "Yuko hapa nje."