Debe ya Kuosha Injini

Kagwe aliosha injini za lori kwa shamba moja ya kahawa hapo Ruiru miaka tisa, na hakuunguza hata unywele. Alingoja injini ipoe mpaka aweze kulaza kiganja juu yake, akatoa waya ya betri, halafu brashi na mafuta ya taa, polepole, mpaka grisi itoke kama uji mweusi. Watu walimcheka eti anabembeleza chuma kama mtoto mgonjwa. Wacha wacheke.

Lakini hamsini na tano, wakati wa Mau Mau, haukuwa mwaka wa kucheka. Kitu ya mzungu ikiungua, hakuna aliyeuliza kama ni bahati mbaya. Wanaume wawili walichukuliwa kwa sababu ya ghala iliyoungua, na bibi zao hawakuambiwa walipelekwa wapi.

Siku hiyo lori liliingia kutoka Thika likitoa moshi kwa joto. Nyapara Gachanja, tumbo mbele akili nyuma, akasema bwana analitaka saa nane.

"Niletee mafuta basi," Kagwe akamwambia, akaenda kutafuta spana ya betri.

Hapo ulimi ulimponza. Pale shambani, ya taa ni mafuta, ya lori ni mafuta, ya kupaka miguu ni mafuta.

Aliporudi, Gachanja alikuwa amemwaga nusu debe juu ya injini na anasugua mwenyewe na brashi ya waya, ndiyo bwana amwone. Kagwe akagusa tone moja. Likawa baridi kwa kidole, likakauka hapo hapo.

"Hii ni petroli. Toka hapo, Nyapara."

"Mafuta ni mafuta. Unaogopa kazi, mzee?"

"Waya ya betri bado iko. Toka."

Gachanja akacheka, akasukuma brashi chini kwa stata, pale umeme wa betri unaingia. Cheche moja tu, ndogo kama jicho la panya.

Kagwe ndiye alimvuta kutoka motoni, akamzima kwa gunia na mchanga. Lori likaungua mpaka tairi.

Askari walikuja na Land Rover. Gachanja, amelala chini, akanyoosha kidole kisicho na ngozi. "Huyo ndiye aliitisha."

"Ni kweli uliitisha?"

"Niliitisha mafuta," Kagwe akasema.

Askari hakungoja kusikia ni ya aina gani. Gachanja akafumba macho mpaka mlango wa gari ukafungwa, Kagwe ndani.

Mikono ya Gachanja ilipona. Ngendo, bibi ya Kagwe, alipita mlango wake kila asubuhi akienda kuchuma kahawa, na hakumsalimia hata siku moja.