Kinyozi Aliyedai Kiti Chake

Jua halijapanda vizuri, na Dada Mkasi anafuta kiti cha dirishani saluni kama anayemfuta mtoto uso. Mteja wa kwanza anaingia, anakaa, anafumba macho. Dada Mkasi anamfunga kitambaa shingoni.

"Kama kawaida?"

"Kama kawaida. Ila masikio niachie."

Mwaka juzi tu, bwana huyu asingekubali hata apanguswe vumbi begani na mwanamke. Dada Mkasi alikuwa akifagia nywele na kunyoa watoto, kwa nusu ya ujira wa vinyozi wenzake. Mjomba wake, mwenye saluni, alikuwa na hoja yake.

"Mpwa wangu, wanaume hawapendi mwanamke awashike kichwa."

"Mjomba, hivyo vichwa vyote mkunga ndiye aliyevishika kwanza."

"Na wote walilia," akajibu mjomba.

Basi akafagia. Lakini macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Saluni ile ni bunge la mtaa, na spika wake ni mwalimu mstaafu aitwaye Mheshimiwa, ambaye hajawahi kuchaguliwa popote. Kila Jumamosi, povu likiwa kidevuni, huhutubia: binadamu wote wamezaliwa huru, kazi haichagui bwana wala mtwana, haki haisubiriwi mlangoni.

"Nilidhani anasema na mimi," anasimulia Dada Mkasi. "Maana wengine wote walikuwa wanasinzia."

Akadai kiti. Mjomba akauliza wateja. Wa kwanza kupinga akawa Mheshimiwa.

"Uhuru una mipaka," alisema. "Na mpaka wenyewe ni shingo yangu."

Haukupita mwezi, ikafika siku ya Mheshimiwa kumwoza bintiye. Mashine ikiwa katikati ya kichwa chake, umeme ukakatika. Upande mmoja nadhifu, upande wa pili shamba lililomshinda mwenyewe. Vinyozi wakatazamana, bila mashine wote walikuwa watazamaji tu. Aliyezoea mkasi na chanuo ni mmoja, kwa sababu watoto anaowanyoa huogopa mngurumo wa mashine.

Mheshimiwa akatazama saa. Akatazama kioo. Akamtazama Dada Mkasi, aliyekuwa ameegemea ufagio wake.

"Binti yangu," akasema, kwa sauti isiyo ya bungeni, "hao watoto huwa unawanyoaje?"

"Wakitulia, nawapa peremende."

Kisha akamgeukia mjomba. "Nikimaliza kichwa hiki, kiti cha dirishani ni changu? Na ujira kama wa wenzangu?"

Mjomba akasita.

"Mpe," akasema Mheshimiwa. "Mpe na dirisha lenyewe."

Alitulia kuliko watoto. Peremende akapewa, akaila njiani akienda harusini.

Leo Dada Mkasi analipwa sawa na wenzake, na ada ya mwanawe hakopi tena. Kilichobaki ni chama cha vinyozi, ambacho hakiandikishi wanawake, na asiye mwanachama haruhusiwi kufungua saluni yake. Jumamosi ataingia mkutano wa chama kudai uanachama, yeye na wenzake wawili, wanawake wanaonyoa wanaume uani, kwa siri, kama wanaotengeneza pombe haramu.

Mheshimiwa ameshaandaa hotuba ndefu ya kuwatetea. Dada Mkasi ameikataa kwa adabu.

"Nitasema mwenyewe," anasema, akipuliza nywele kwenye mkasi. "Nimemwambia yeye aje tu na kichwa, wakione."